Jicho la Upande wa Shuka

Fundi saa alikuwa na macho mawili mazima, ila waliomjua walikuwa tayari kula kiapo kwamba analo moja. Miaka nenda miaka rudi alishinda kwenye kibanda chake, kilichobanwa kati ya duka la vifaa vya shule na chumba cha fundi nguo, kioo cha kukuzia kimekaa kwenye jicho la kulia na la kushoto limefumbwa. Mazoea yana tabu. Ikafika mahali hata asipokuwa kazini jicho la kushoto lilijifumba lenyewe: akichungulia sufuria jikoni, akitafuta kifungo kilichodondoka, akisikiliza shutuma za mama mkwe. Mama mkwe alidhani anakonyezwa, na hilo lilileta maneno.

Basi alipoingiwa na ugonjwa wa kupiga picha, hakuwa na la kujifunza. Kamera ilikuwa kuukuu, aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba, mkanda wake umekatika, naye akaishonea mwingine kwa kuunganisha mikanda minne ya saa. Jicho la kulia likaenda kwenye kitundu cha kuchungulia, la kushoto likalala zake kama kawaida. Kila Jumamosi alikutana na wenzake wa chama cha wapiga picha wa ridhaa kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Walikuwa watu wenye kazi zao nyingine, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulipwa kwa picha. Wao ndio waliomwita Jicho Moja, naye akalipokea jina kama cheo.

Picha zake zilipigwa uani kwake, na ukimwuliza namna alivyozipiga angekueleza mpaka chai ipoe. Jua kali, angesema, si rafiki wa uso wa mtu. Linamchimbia mashimo chini ya macho akaonekana hajalala tangu mwaka jana. Kwa hiyo mtu hukalishwa kwenye kigoda kivulini, chini ya upenu, nyuma yake mlango wa stoo uliopakwa rangi ya buluu. Tundu la lenzi hufunguliwa lote ili mlango ufifie, ubaki rangi tupu isiyo na misumari wala kitasa. Viwiko hubanwa mbavuni, pumzi hushikwa kama unapotia skrubu ya saa ya mkononi ya mwanamke, kisha unabonyeza. Na kivuli kisije kikamfanya mtu awe mweusi tii kama chungu, mwanga huletwa kwa shuka.

Shuka lilikuwa jeupe, la zawadi ya harusi yao, limefuliwa hadi likawa laini kama pamba, na pembeni lina kiraka. Lilitandazwa juani, upande wa kushoto wa mpiga picha, likalipokea jua na kulirudisha polepole kwenye shavu la mtu kivulini. Aliyelishika alikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa mlezi kwenye shule ya chekechea, mwanamke mnene, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Kutwa nzima alizungukwa na watoto wanaolilia mama zao, na jioni alirudi nyumbani akakuta mumewe amekwisha kuita jirani fulani na kumkalisha kigodani. Alilichukua shuka, akaenda kusimama mahali pake. Mumewe akiinua kichwa kutoka kwenye kamera, mkewe alikuwa amesimama wima, ametulia kama mlingoti. Mara nyingine vidole vyake viliingia kwenye picha, na fundi saa alivikata baadaye bila neno, kama mtu anayekata kucha.

Mara moja moja, uungwana ukimjia, alimwambia, "Mama watoto, hebu leo ukae wewe nikupige."

"Na nani atashika shuka?" mkewe alijibu.

Kweli, nani angeshika? Watoto wao walishakua na kwenda kwao. Maneno yaliishia hapo kila mara, na fundi saa akiwa na picha za mtaa mzima, hakuwa na hata moja ya mkewe, mbali na ile ya kitambulisho ambamo alionekana kama mtu aliyekamatwa.

Sasa, hizo picha zilikuwa na kitu. Hata wasiompenda walikubali. Kila aliyekaa kwenye kigoda kile alicheka, na si kile kicheko cha kuonyesha meno kwa sababu umeambiwa. Muuza mayai alicheka hadi shingo ikampotea. Mzee wa msikitini, ambaye mtaa mzima ulidhani hana meno, alionekana anayo yote. Tena hakuna aliyetazama kamera. Macho yao yalikwenda pembeni kidogo, kama wameona kitu kizuri kinakuja kwa mbali. Chamani wakauliza hilo nalo hufanywaje, na fundi saa, ambaye hakujua, hakuona sababu ya kukiri kwamba hajui.

"Huo ni mtazamo wa mbali," alisema. "Namwambia mtu asitazame kamera, atazame maisha yake."

Maneno yakaandikwa. Wiki iliyofuata chama kizima kilirudi na picha za watu wanaotazama maisha yao, na wote walionekana kama abiria wanaosubiri basi lililokwisha kuondoka. Fundi saa alizipitia moja moja kwa jicho lake la kulia. "Bado hamjaiva," aliwaambia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa ameanza kuchota ndoo.

Ndipo maktaba ilipowapa wanachama ukumbi wa mbele wafanye maonyesho. Mwenyekiti wa chama, mama mmoja mfamasia asiyependa mzaha kwenye mambo ya ratiba, akatangaza kwamba ukuta wa kwanza, ule unaokukabili ukiingia tu, ni wa Jicho Moja. Masharti ni mawili: alete picha mpya ya uso wa mtu, ambayo chama hakijawahi kuiona, na siku ya ufunguzi asimame mbele ya watu aeleze siri ya mtazamo wa mbali. Ukuta wa kwanza! Fundi saa alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara. Tangu azaliwe alikuwa mtu wa kurekebisha vilivyotengenezwa na wengine. Hiki kingekuwa chake mwenyewe, watu wangekitazama na kusema, hiki kafanya yule.

Jioni hiyohiyo binti yao akapiga simu: amejifungua salama, mama aje. Mkewe akafungasha. Begi likiwa mlangoni, akasimama kidogo.

"Na picha yako ya maonyesho? Nani atashika shuka?"

"Si kuna kamba ya nguo?" akasema mumewe. Kichwa kilikuwa kimemvimba, na kichwa kilichovimba hakisikii kinachotoka mdomoni. "Shuka ni shuka tu, mama watoto. Hata kamba inaweza."

Mkewe alimtazama, akatabasamu upande mmoja. "Haya, baba watoto. Ukae salama na kamba yako."

Kesho yake kamba ikafungwa, shuka likaanikwa, vibanio viwili huku, viwili kule. Mwanga ulianguka mahali pake barabara, ungesema umepimwa kwa rula. Muuza mayai akaja, akakaa kigodani, akaweka mikono magotini. Fundi saa akafumba jicho.

"Tazama mbali."

Muuza mayai akatazama mbali. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa polisi kutoa ushahidi.

"Tazama maisha yako, ndugu yangu!"

Uso ukazidi kuharibika. Maisha ya mtu si jambo la kuchekesha hivyohivyo. Fundi saa akatoa kichekesho chake, kile cha saa iliyokwenda kwa daktari kwa sababu ya kuchelewa, kichekesho pekee alichokuwa nacho, na muuza mayai, kwa adabu, akaonyesha meno kama anayekaguliwa na mnunuzi wa ng'ombe. Siku ya pili akaitwa fundi nguo. Huyo alipiga miayo. Aliyemfuata alitazama kamera moja kwa moja, akauliza kama amemaliza. Picha zikawa kumi, zikawa ishirini, zote ni nyuso za kitambulisho kwenye mlango wa buluu. Siku za maonyesho zilikuwa zinasogea, na maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mwishowe akaita muuza mayai na fundi nguo kwa pamoja, huenda wawili wangechangamshana. Walikaa bega kwa bega kama wafiwa. Fundi saa akaishusha kamera, hasira zimempanda.

"Jamani, nimewakosea nini? Mbona siku hizi mnaninunia? Zamani si mlikuwa mnacheka?"

Wale wawili wakatazamana. Fundi nguo akamkanyaga mwenzake mguu. Muuza mayai akajikuna shingo.

"Fundi, nikikwambia hutachukia?"

"Sema."

"Mama yuko wapi?"

"Mama? Kaenda kwa binti yetu. Mama anashika shuka tu."

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka kile kicheko chenyewe, cha shingo kupotea, fundi nguo ameteleza kwenye kigoda na muuza mayai amemshikilia kola, machozi yanawatoka. Na fundi saa amesimama mbele yao, kamera mkononi, mwanga uko mahali pake, wala hakukumbuka kubonyeza.

"Anashika shuka tu!" muuza mayai alirudia, akajifuta macho. "Fundi, wewe ukishafumba hilo jicho, mama ndiyo anaanza. Anakuiga wewe!"

"Mimi?"

"Wewe! Unavyotoa ulimi pembeni ukilenga. Unavyobinua makalio. Ile namna unavyoshika pumzi mashavu yakajaa, utadhani una maandazi mawili mdomoni. Anafanya vyote, na shuka kalishikilia chini ya kidevu. Ukiinua kichwa, kimya, katulia. Tunakufa, fundi! Mtaa mzima unajua. Watu wanakuja kupigwa picha waone hiyo sinema."

Nyani haoni kundule, na fundi saa alikuwa amelionyesha lake mtaa mzima. Aliwashukuru wote wawili kwa sauti kavu, akaanua shuka, akaingia ndani. Aliona aibu iliyomfika kwenye mifupa. Wale wote kwenye picha zake, mzee wa msikitini na meno yake, walikuwa wanamcheka yeye. Mtazamo wa mbali ulikuwa hatua tatu kushoto kwake. Na zaidi ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi: picha hazikuwa zake. Kile alichodhani ni kipaji kilikuwa kimesimama kando, kimeshika shuka.

Akaamua kumwambia mwenyekiti ukuta apewe mwingine.

Asubuhi alikwenda kibandani, akaweka kioo jichoni, akajaribu kutengeneza saa ya mteja ili asifikiri.  Gurudumu dogo, dogo kuliko punje ya mtama, likamponyoka, likaanguka juu ya karatasi aliyokuwa ametandika mezani kuzuia mafuta. Karatasi yenyewe ilikuwa picha iliyoharibika. Alikuwa amempiga picha mwalimu mstaafu wa mtaa wao, mwanamume mrefu mwenye miwani mikubwa, picha nzuri ajabu, kicheko hadi masikioni. Ila alipoichapisha kwa ukubwa ndipo alipoona kwamba vioo vya miwani vimeng'aa vyeupe, macho hayaonekani vizuri. Mng'ao wa miwani ni adui mkubwa wa mpiga picha. Akaitupa mezani, na mwalimu akawa kitambaa.

Akainama kutafuta gurudumu. Likawa limekaa palepale kwenye shavu la mwalimu. Akalinyanyua kwa koleo, kioo bado jichoni, jicho likapita juu ya miwani, likasita.

Ule weupe kwenye kioo cha miwani ulikuwa shuka. Shuka lina kiraka. Na juu ya shuka kulikuwa na kichwa.

Akasogea hadi pua ikagusa karatasi. Alikuwa mkewe, mdogo kama mchele, yuko kamili: jicho la kushoto kalifumba, ulimi kautoa pembeni, mashavu kayajaza, na pembeni mwa shuka yamechomoza makalio yaliyobinuliwa. Fundi saa alijijua. Hakuna kioo kilichowahi kumwonyesha alivyo kama mchele ule ulivyomwonyesha. Akahamia kioo cha pili cha miwani. Alikuwepo na huko.

Alianza kucheka puani. Kisha tumbo likaingia. Kisha akacheka hadi fundi nguo akatoka chumbani kwake kuja kuona kama jirani yake amepagawa. Na katikati ya kicheko, bado ameinama, akagundua jambo jingine likamnyamazisha. Ili umwige mtu hivyo, hadi namna ulimi unavyopinda, lazima uwe umemtazama sana. Lazima umtazame kila siku, na usichoke. Miaka yote hiyo yeye alikuwa akitazama watu wengine ndani ya kitundu, na kulikuwa na mtu anamtazama yeye, upande uleule wa jicho lililolala.

Akampigia simu. "Unarudi lini?"

"Kamba imekukataa?" mkewe akauliza.

"Wewe rudi tu kabla ya maonyesho."

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Kwenye ukuta wa kwanza ilining'inia picha moja tu, mwalimu mstaafu na kicheko chake, na alama ya duara ya mafuta ya saa pembeni kwa sababu fundi saa alikataa kuichapisha upya. Kando yake, kwa uzi mrefu, alikuwa ametundika kioo chake cha kukuzia. Wanachama walitazamana. Mwenyekiti akamvuta pembeni.

"Jicho Moja, miwani imeng'aa. Wewe si ndiye uliyetufundisha hilo?"

"Nimeona, mwenyekiti. Nipe nafasi yangu ya kusema."

Akasimama mbele ya watu. Mkewe alikuwa mstari wa nyuma, amefika siku hiyohiyo, bado ana begi miguuni, hajui lolote. Fundi saa alikohoa.

"Mmetaka siri ya mtazamo wa mbali," akasema. "Si mbali. Ni hapa, karibu na bega langu la kushoto. Niliwaambia watu wanatazama maisha yao, nikawadanganya, maana mimi mwenyewe sikujua wanatazama nini. Kioo hicho hapo. Kila mmoja ajionee ndani ya miwani ya mwalimu."

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti. Aliweka kioo jichoni, akasogea hadi kwenye miwani. Kisha yule mfamasia asiyependa mzaha akatoa mlio kama birika linalochemka, ikabidi ashikwe mkono. Foleni ikajipanga. Kila aliyetazama aligeuka kumtazama fundi saa, akarudi kutazama miwani ili kulinganisha, akapasuka. Mwalimu mwenyewe alidai ajionee alichokuwa anacheka, akacheka upya kama siku ile.

Mkewe akafika mwisho. Alipoweka kioo jichoni ukumbi ulitulia, kila mtu akingoja neno, kwa kuwa huyo hakuwahi kukosa neno.  Alitazama kioo cha kwanza cha miwani, akatazama cha pili, akarudi cha kwanza.

"Miaka yote," mumewe akamwambia, "nikiwa nimesimama palepale?"

"Ningefanyaje?" akasema, sauti imemshuka. "Jicho la upande wangu ndilo unalofumba."

 Fundi saa akafungua begi la kamera, akatoa shuka. Mkewe, kwa mazoea, akanyoosha mikono alipokee.

"Leo unakaa wewe."

"Mimi? Na nani ata—"

Hakumaliza. Mwenyekiti alikuwa ameshika ncha moja, mwalimu amedaka ya pili, na muuza mayai amejipenyeza katikati hashiki chochote ila naye yumo. Kiti kikasogezwa dirishani. Mkewe akakaa, akaweka mikono magotini, na fundi saa akaona asichotarajia: mwanamke aliyechekesha mtaa mzima hakujua namna ya kutazamwa. Uso ulimkauka. Ukawa uleule wa kitambulisho.

Akainua kamera. Jicho la kushoto likaanza kujifumba lenyewe. Akalizuia. Akaishusha kamera hadi kifuani, akasimama na macho yake yote mawili wazi mbele ya mkewe, na hakuwa na kichekesho hata kimoja isipokuwa kile cha saa na daktari. Basi akafanya alichoona kwenye miwani. Akatoa ulimi pembeni. Akajaza mashavu. Akabinua makalio mbele ya chama kizima na mkutubi wa maktaba, akajiiga yeye mwenyewe kama mkewe alivyomwiga.

Mkewe alijikaza kidogo. Kisha kicheko kikamshinda. Mkono ulikimbilia mdomoni ukachelewa, kichwa kikaenda nyuma, na fundi saa akabonyeza bila kulenga, kamera iko tumboni.

Picha ilitoka imepinda. Dirisha limelala upande, miguu ya kiti imekatika, na pembeni vimechomoza vidole vya mwenyekiti juu ya kiraka. Dada wa duka la vifaa vya shule, ambaye ndiye aliyemchapishia, alimwuliza kama avikate hivyo vidole.

"Viache," akasema fundi saa.

Aliitundika kibandani. Si mbele yake, ambako kuna saa za wateja, wala kulia, ambako kuna taa. Iko ukutani upande wa kushoto wa meza, na akitaka kuiona inambidi afumbue jicho.